Imenyamaza, Baba

Kinyozi alikuwa amemaliza nusu ya kichwa cha dereva wa lori la maji aliposikia bintiye akicheka peke yake kwenye benchi la wateja. Hakikuwa kicheko cha mchezo. Alicheka kama mtu aliyeshinda kesi. Kinyozi akazima mashine.

"Unacheka nini, mama?"

"Imenyamaza, baba."

"Nini kimenyamaza?"

Mtoto akajigusa kifuani, pale kovu lilipochungulia kwenye kola ya sare ya shule. "Hii. Sasa hawataniita Saa tena."

Baridi ilimpanda kinyozi kutoka nyayoni. Vali ya moyo ya binti yake ilikuwa imeharibiwa na homa iliyoanza kama kidonda cha koo tu, na madaktari wakampasua, wakamwekea vali bandia yenye vibati viwili vya kufunguka na kujifunga. Tangu hapo nyumba yao haikujua ukimya. Tik, tik, tik, mezani, kitandani, bafuni. Wageni walikuwa wakitafuta saa ukutani, na mama mtu alikuwa akicheka mpaka machozi.

Kinyozi alipiga magoti akaweka sikio kwenye kifua cha mtoto. Moyo ulikuwa ukienda mbio, lakini kwa sauti nzito iliyofifia, kama mtu anayegonga mlango uliofunikwa blanketi. Tik haikuwepo. Alipoinua uso ndipo akaona alichokuwa hajakiona tangu asubuhi: midomo imeingia weusi, pumzi zinakwenda juujuu, na mtoto hakuwa amekimbia popote.

"Dawa yako ya jioni unakunywa?"

Mtoto akavuta kola ya sare juu ya kovu.

"Sikugombezi. Niambie tu."

"Naiweka shavuni. Ukigeuka, naitema."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nilidhani ndiyo inayoitia ufunguo, kama saa."

Mama yake alikuwa amesafiri kumtazama dada yake aliyejifungua, na kila jioni kinyozi ndiye aliyempa kidonge na glasi ya maji, kisha akageukia sufuria jikoni. Kidonge hicho ndicho kilichozuia damu isigande kwenye vali. Hilo walielezwa wazazi. Mtoto aliambiwa tu ni dawa ya moyo, na akapiga hesabu zake mwenyewe.

"Mnyanyue, twende," alisema dereva, akisimama na kitambaa cha kunyolea shingoni.

"Na kichwa chako?"

"Kichwa changu hakina haraka."

Lori lilipita katikati ya magari huku honi ikilia bila kupumzika. Kinyozi alimpakata mtoto, akahisi jasho lake la baridi likipenya kwenye shati. "Usilale," alimwambia. "Usilale, mama, nitazame mimi." Mtoto hakuwa akicheka tena. Uso wa baba yake ulikuwa umeshamwambia yote.

Hospitali, daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alisikiliza kifua, akasikiliza tena, akaagiza picha ya moyo ipigwe palepale. Kwenye kioo cha mashine, bati moja la vali lilikuwa limekwama kabisa. La pili lilikuwa likijikokota.

"Damu imegandia kwenye vali," alisema daktari. "Tuna dawa ya kuyeyusha hilo bonge. Ila nisikufiche, baba. Dawa hiyo inaweza kumtoa damu hata kichwani. Na kipande kikimeguka, kinaweza kupanda kwenye ubongo."

"Kumpasua je?"

"Chumba cha upasuaji kinaandaliwa. Lakini kwa alivyo sasa, kumlaza kwa dawa ya usingizi ndiko ninakokuogopa zaidi."

Neno hilo, kuogopa, likitoka kinywani mwa daktari, lilimmaliza nguvu kinyozi. Alimpigia mkewe akamweleza, maneno yakimtoka vipande vipande.

"Anapumua?" aliuliza mkewe.

"Anapumua."

"Basi waambie waanze. Nakuja. Na usimwondolee macho, unanisikia? Hata kupepesa usipepese."

Dawa ikaanza kushuka tone kwa tone. Muuguzi akamwambia kinyozi, "Ongea naye. Maneno yake yakigongana, au mdomo ukienda upande, niite kwa sauti kubwa."

Wakaongea. Mtoto alitaja mitindo yote ya nywele iliyo kwenye bango la kibandani, mmoja baada ya mwingine, huku fizi zikianza kumvuja damu kidogo na muuguzi akizifuta. Kisha akasema, "Ule wa... wa pa... pan..." akanyamaza.

Kinyozi alipiga kelele mpaka wodi nzima ikageuka. Muuguzi alifika mbio. "Tabasamu, mama. Nyanyua mikono yote miwili."

Mikono ikapanda sawasawa. "Nina kiu," alisema mtoto. "Ulimi umekauka."

Kinyozi alirudi nyuma akayumba. Dereva, aliyekuwa amegoma kuondoka, alimdaka kwa nyuma kama gunia.

Daktari alikuwa wa kwanza kuisikia. Alikaa na vifaa masikioni muda mrefu, kisha akamwashiria kinyozi ainame. Tik. Kimya. Tik, tik. Ilikuwa hafifu, ya kusitasita.

Mtoto naye aliisikia. Machozi yakamteremka kuelekea masikioni. "Imerudi," alisema kwa uchungu. Baba yake alilia pia, ila kwa sababu nyingine.

Mama alipofika hakumgombeza mtu. Alipanda kitandani na viatu vyake, akamkumbatia binti yake. "Nani hao wanaokuita Saa?"

"Wote."

"Nitakwenda mimi shuleni. Wewe tulia."

Walirudi nyumbani salama, na vibati vyote viwili vikifunguka. Lakini jioni moja mtoto, kidonge kikiwa kiganjani, aliuliza, "Baba, siku ile ningekufa?"

Kinyozi alifikiria kumdanganya. "Ndiyo," alisema.

Mtoto alikitazama kile kidonge. Alinyakua glasi, maji yakamwagika mezani, akakimeza kwa pupa, kisha akafungua kinywa apekuliwe bila kuambiwa. Tangu hapo hakuruka dawa hata mara moja. Tangu hapo pia aliogopa kulala peke yake, na kinyozi hakujua kama kwa jibu lile alikuwa amemwokoa au amemwibia kitu.