Kipimo cha Saa Nane

"Mimi mafua hayajawahi kunilaza kitandani," Wakiuru aliwatangazia wanawake waliobanana kwenye benchi la zahanati. Na kweli hayakuwa yamemlaza. Siku ya tatu hiyo alikuwa akilala kitini, maana kila akijinyoosha kitandani pumzi ilikataa kupanda.

Wanawake wakacheka. Alitaka kucheka nao, kikohozi kikamwahi, kikamkunja mpaka paji la uso likagusa magoti.

Kando yake alikaa Nduta, jirani aliyemleta kwa bodaboda. Jana Nduta na akina mama wenzake wa kanisa walikuja kumwombea, kila mmoja na paketi yake ya glukosi, kama ilivyo desturi mtu akiugua. Waliikoroga kwenye uji, wakamsimamia hadi akamaliza. Mtu atakataaje glukosi iliyoombewa? Kila kikombe kilimwongezea kiu, na kila kiu ikaletewa kikombe kingine.

Muuguzi Anita, kabla ya kuhamishiwa Kangema, alikuwa amemwonya kuhusu ugonjwa wake wa sukari, akimwita cucu, yaani bibi, kama wote hapa. "Cucu, damu yako iko na askari wa kupigana na virusi. Sukari ikipanda, askari wanalegea. Na homa yenyewe inaipandisha zaidi. Ukishikwa na mafua, kuja upimwe siku hiyo hiyo."

"Askari walevi," Wakiuru alimjibu. "Hao nawajua. Wako pale kwa chifu."

Leo alikuja kupimwa. Sukari ikionekana iko juu, ataandikiwa barua ya kwenda Nyeri, hospitali kubwa, kwenye oksijeni. Bila kipimo hakuna barua.

Daktari Mutahi hakuwa daktari hasa, lakini nani angemwambia? Hakuinua macho kutoka kwenye simu.

"Karatasi za kupimia zimeisha, cucu."

"Hata mwezi uliopita zilikuwa zimeisha."

"Si unaona mimi ni mwaminifu? Sijabadilisha maneno."

"Niandikie barua tu, daktari. Pumzi haifiki chini."

"Niandike nini? Ati cucu amesema? Enda nyumbani, kunywa maji moto. Hayo ni mafua tu."

Wakiuru hakuenda. Hata angetaka, miguu ilikuwa imeshakaa.

Gari la kaunti likasimama mlangoni. Akashuka Bi Nadhira, mkaguzi, na faili kwapani. Mutahi aliinuka kwa kasi hata simu ikaanguka sakafuni, na hakuiokota.

"Kila mgonjwa wa sukari anapimwa?" Nadhira aliuliza.

"Kila mmoja, madam. Kila akija."

Mkaguzi akafunua daftari kubwa mezani, akasoma akifuata kwa kidole. "Wakiuru. Sukari sita nukta moja. Vizuri sana."

"Huyo ni mimi," Wakiuru akasema. Akanyoosha vidole vyote kumi, vilivyokauka kwa kuchuma kahawa. "Nitafutie tundu la sindano hapo, mwanangu. Mimi macho yamechoka."



"Nilimpima asubuhi," Mutahi alisema. "Wazee husahau, madam."

"Sijasahau kitu," Nduta akadakia. "Nimefika naye sasa hivi, na mimi si mzee."

Nadhira alirudi kwenye daftari, kisha akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano kasorobo. "Hapa umeandika saa nane mchana. Ya leo."

"Kumbe," Wakiuru akasema, akivuta pumzi katikati ya neno, "saa nane nitakuwa nimepona. Wacha ningoje."

Safari hii hakuna aliyecheka. Kifua chake kilikuwa kikilia kama mlango wa zizi, na kila mtu alikisikia.

Mutahi alilamba midomo. "Kalamu iliteleza, madam."

Nadhira alimtazama, akamtazama na bibi kizee. Kisha akampa Mutahi kalamu yake. "Rekebisha. Hii inaenda kwa ripoti ya kaunti."

Mutahi alikata saa nane, akaandika saa tatu, akatia saini kando. Sita nukta moja akaiacha kama ilivyo. Nadhira akagonga muhuri.

Akafunua ukurasa uliofuata. Tarehe ilikuwa ya kesho, na majina yalikuwa yamejaa mpaka chini, kila jina na sukari yake.

"Na hawa?" akauliza, akimsogezea kalamu tena.