Stoo ya Mashuka

Mkunga huyu alikuwa na miaka kumi na tisa kazini. Wanawake aliowazalisha walimwita Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno alilowaambia tangu wanaingia mpaka mtoto anatoka. Zamu yake ilianza saa moja asubuhi, na kwenye ratiba iliisha saa moja jioni. Kwa kweli iliisha pale wa kumpokea alipofika, akabadili viatu na kunawa mikono.

Kula alikula kwenye stoo ya mashuka, chumba chembamba kilichopakana na chumba cha kujifungulia, chenye rafu tatu na dirisha lisilofunguka. Nyuma ya mafurushi alificha mkate wa vipande, biskuti na kopo la siagi ya karanga. Hakwenda huko kwa njaa. Alikwenda akitoka kwenye shughuli nzito: mama aliyevuja damu nyingi, mtoto aliyekawia kulia. Aliegemea rafu, akala harakaharaka bila kuonja, makombo yakianguka sakafuni, akajifuta midomo kwa kiganja na kurudi kazini. Siku zilizokwenda salama, hakukumbuka hata kwamba hajala.

Mume wake alikuwa fundi cherehani. Katika miaka miwili aliachia mishono ya magauni ya kazi ya mkewe mara tatu, na mara ya tatu kitambaa cha ndani kikawa kimekwisha, ikabidi apachike vipande vya pembeni kutoka gauni la zamani. Hakusema neno. Aliyesema ni wifi yake Taratibu, ambaye mdomo wake haukuwa na breki. Alisema kazi ya hospitali lazima iwe tamu, maana wenzake wanakonda, yeye ananawiri. Wakacheka wote. Taratibu naye akacheka, akaongeza chai.

Mwezi huohuo matroni aligawa fomu. Wauguzi waliulizwa wanaridhika na kazi kwa kiasi gani, waweke alama kwenye kisanduku. Taratibu aliweka alama penye "naridhika sana", wala hakuwa anadanganya. Mwisho paliulizwa kama ana la kuongeza. Akaandika: Sina.

Siku nne baadaye, mchana, alimpokea dada mmoja mwenye mimba ya kwanza, uchungu umeshamshika, ambaye mtoto wake alikuwa ameacha kucheza tumboni tangu jana yake. Taratibu alisikiliza mapigo, hakuyapata. Daktari naye akapima na kuthibitisha. Saa kumi na moja yule dada akajifungua. Taratibu alifanya kila kinachotakiwa. Alimfunika mtoto, akamuuliza mama kama anataka kumpakata, akampa, akasimama kando. Kisha akaingia mama mzazi wa yule dada, akamshika Taratibu mikono yote miwili na kumshukuru. Kushukuriwa ndiko kulikomshinda. Alisema pole, akajaza faili, akaenda stoo.

Mama wa usafi alipokuja kuchukua mashuka alimkuta ameketi sakafuni. Mkate ulikuwa umekwisha, na alikuwa akila siagi ya karanga kwa kidole. Machozi yalimtoka, lakini hakuacha kula. Yule mama alikuwa mtu mzima, amebakiza mwaka mmoja astaafu. Aliingia, akafunga mlango, akakaa juu ya furushi.

"Mwanangu, mimi siku mbaya za wodi hii huwa siambiwi," alisema. "Nazifagia humu."

Akamuuliza kama amekula leo. Taratibu akamwonyesha kopo. Yule mama akasema hicho sicho alichouliza. Yeye na wenzake wa usafi hukaa chini kila siku saa saba, watatu, kwenye chumba cha ndoo, na hakuna anayewasumbua kwa sababu hakuna anayekumbuka kwamba wapo. Taratibu alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipoketi kula kazini. Haikumjia.

Jioni alimsimulia mume wake, kuanzia stoo mpaka kidole. Mume alisikiliza, cherehani imezimwa.

"Nilijua kuna kitu," alisema. "Nikasema ukitaka utaniambia. Kumbe wewe nawe unangoja nikuulize."

Ni yeye aliyemshauri aombe kuhamia kliniki ya watoto. Alipewa. Huko alipima uzito, akachoma sindano za chanjo, akajaza kadi. Saa sita alikula akiwa ameketi, saa tisa akaenda nyumbani. Kwa miezi mitatu alipungua kilo nne, na hata wifi akakiri. Lakini alikuwa akirudi na uchovu asioujua, uchovu wa mtu aliyeshinda akingoja. Akina mama aliowazalisha walipoleta watoto wao walionenepa, alijikuta akiwauliza nani yuko zamu wodini leo.

Mwezi wa nne wa kliniki alikwenda kwa matroni kuomba arudishwe. Aliomba na jambo moja zaidi: nusu saa ya kula kila zamu, mtu akiwa amemshikia nafasi.

Matroni alimjibu kwamba akimpa yeye, itabidi awape wote.

"Ndicho ninachoomba," alisema Taratibu.

Matroni akavuta droo ya chini ya meza yake. Ilikuwa imejaa biskuti na peremende, na maganda matupu yaliyokunjwa vizuri.

"Miaka ishirini na sita," alisema, akairudisha.

Taratibu alirudishwa wodini, na wauguzi wote wakapata dakika ishirini. Wiki ya kwanza hakuna aliyethubutu kutoka, kila mmoja akiona aibu kumwachia mwenzake mzigo. Wiki ya pili wakaanza. Ulipofika msimu wa likizo watu wakapungua, na dakika zile zikapatikana siku tatu kwa wiki, wakati mwingine mbili. Kilo mbili kati ya nne zilimrudia Taratibu. Bado kuna siku aliingia stoo na biskuti mfukoni. Siku hizo alimwambia mume wake kabla ya kulala, naye alisikiliza, basi.

Katika msimu huo wa likizo mwenzake wa zamu alihangaika na mama mmoja aliyevuja damu kwa saa nzima. Mama akapona. Mwenzake akatoka na gauni lililolowa, akachukua glavu mpya amwahi anayefuata. Taratibu akamnyang'anya zile glavu, akamwambia akakae.

"Sisikii njaa," mwenzake alisema.

"Sijakuambia ule. Nimekuambia ukakae."

Akaenda, akakaa robo saa kwenye benchi la korido, mikono mapajani. Taratibu alikuwa ameshafika kitanda namba mbili, kwa msichana aliyekuwa akiuliza kama bado sana.