Siku ya Sita Bila Choo

Baba yao alipofikisha siku ya sita bila kupata choo, kaka alimpigia simu dada yake. Hawakuwa wamezungumza tangu mazishi ya mama.

"Njoo umwone baba. Tumbo limekuwa ngoma."

"Yeye ndiye kasema niitwe?"

Kaka akajikohoza. "Njoo tu, dada yangu."

Baba alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa suruali zilizonyooshwa na maneno machache. Miaka kumi na mmoja nyuma, binti yake alipochaguliwa kujiunga na chuo cha uuguzi, alimwambia mbele ya wageni: "Sikukusomesha ili ukaoshe makalio ya watu." Binti akaenda hivyo hivyo. Tangu siku hiyo baba hakulitaja tena jina lake. Sasa alikuwa kitandani, ametoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga ya kulia, na dawa kali za maumivu zilikuwa zimemfunga choo.

"Shikamoo, baba."

Mzee akaendelea kutazama dari.

Dada akaulizia dawa ya kulainisha choo. Kaka akamwonyesha boksi dirishani, juani. Vile vidonge laini vyenye umbo la risasi vilikuwa vimeyeyuka ndani ya karatasi zake, na viwili havikuwepo.

"Hivi viwili viko wapi?"

"Nilimpa ameze na chai. Akavitema."

"Ameze? Kaka, hivi vinawekwa njia ya haja kubwa!"

"Nimwekee mimi? Baba yangu mzazi? Siwezi."

"Na kusoma maelezo pia huwezi?"

Dada akamtuma famasi akalete boksi jipya. Yeye akabonyeza tumbo la mzee taratibu, akamuuliza kama ametapika, kama ameona damu, kama tumbo linamkata sana. Ingekuwa hivyo, angempeleka hospitali bila kugusa dawa yoyote. Mzee alitikisa kichwa mara tatu.

"Upepo unapita?"

"Unapita," alinong'ona, uso umemwiva kwa aibu.

Kaka aliporudi, dada alimzuia mlangoni asitoroke. "Simama hapo uone." Akanawa mikono kwa sabuni, akavaa glavu, akamgeuza baba ubavu wa kushoto na kuweka mto katikati ya magoti kuikinga nyonga. Akabandua karatasi yote, akalowesha kidonge kwa maji, akakiingiza kwa ncha iliyochongoka, polepole, kina cha pingili ya kidole.

"Pumua, baba. Usijikaze."

Kisha akamshika makalio yakae pamoja kidogo, akamfunika shuka.

"Sasa usiamke. Robo saa hivi. Ukienda mapema kitatoka kabla hakijafanya kazi."

Akavua glavu, akanawa tena, akakaa ukingoni mwa kitanda. Kwa miaka yote ile hawakuwahi kukaa karibu namna hiyo. Alingoja aulizwe habari za kazi, au za wanawe ambao mzee hajawahi kuwaona.

"Bado dakika ngapi?" ndilo swali alilopata.

Walipomsimamisha, mzee alimwegemea bintiye kwa uzito wake wote mpaka chooni. Alikaa muda mrefu, akiguna. Alipotoka macho yalikuwa na machozi na tumbo limelegea. Dada alimsafisha, akambadilishia shuka.

Jioni walimu wenzake wawili wakaja kumjulia hali, wakamkuta anakunywa uji, amechangamka.

"Nashukuru kijana wangu," aliwaambia, akimwelekeza kaka kwa kidevu. "Amenihangaikia kweli."

"Na huyu bibi?"

"Muuguzi. Ameitwa kutoka zahanati."

Dada alimtazama kaka. Kaka akainamisha kichwa kwenye simu yake, akaanza kubonyeza-bonyeza kioo kilichozimika.

Dada akafunga mkoba wake. Akamvuta kaka ukumbini, akamwambia kwa sauti ya kazini: "Boksi likae mahali pa baridi. Usimwekee kila siku, utumbo utazoea. Mpe maji ya kutosha, na kesho muulize daktari kuhusu zile dawa za maumivu. Akitapika au akitoka damu, hospitali."

"Dada, si utakuja wewe tu? Mimi mambo hayo..."

"Umeona jinsi inavyofanywa."

"Mzee ndivyo alivyo, unamjua. Usiyaweke moyoni."

"Yeye nilimzoea," dada alisema. "Wewe ulikuwa umesimama pale pale."

Akashuka ngazi. Nyuma yake wageni walikuwa wanacheka, na baba anacheka nao.