Kisahani Kilichompata Lempi

Safari hiyo Jouko Härmälä alikuwa amemwahidi binti yake tangu theluji haijayeyuka: wao wawili na gari lao kuukuu, kutoka Kuopio kwenda kaskazini mwa Ufini, wakisimama kila penye uwanja wa gofu ya visahani, mchezo wa kurusha kisahani mpaka kiingie kikapuni. Tangu Vilja ahamie Tampere kwa masomo, mazungumzo yao ya simu yalikuwa yameishiwa na maneno. Lakini wakiwa msituni, kila mmoja na kisahani chake cha plastiki, kikapu cha minyororo kikiwasubiri mbele, walitaniana kama zamani.

Kwenye uwanja mmoja wa Kainuu, Vilja alikuwa akiongoza.

"Baba, mkono umeanza kushika kutu?"

"We subiri tu."

Mtupo uliofuata ulikuwa wa kuteremka mlima, kikapu kimefichwa na misonobari. Pembeni ya njia palikuwa na baiskeli imeegemezwa mti.

"Kuna mtu anachuma beri huko chini," Vilja alisema. "Piga kelele kwanza. Mimi nakimbilia maji garini."

Jouko hakupiga kelele. Alikuwa nyuma kwa alama, na upepo ulikuwa umetulia vizuri. Akatupa kisahani chake cha njano. Kikapinda kwa madaha, kikazama nyuma ya miti. Kisha akasikia kishindo kisicho cha mti, na sauti ya mtu.

Alisogea hadi ukingoni. Chini, mwanamke mzee aliyejifunga kitambaa chekundu kichwani alikuwa amepiga magoti, ameukumbatia mkono wake, ndoo imepinduka na beri zimetapakaa kwenye kuvumwani ya kijani. Mwanamke akainua uso. Jouko akarudi nyuma hatua moja, halafu nyingine. Hata yeye hakuelewa kwa nini; miguu ilikata shauri kabla ya kichwa.

"Umekiona?" Vilja aliuliza, akihema, chupa mkononi.

"Kimepotea. Tukiache, mbu wanatumaliza."

"Nimesikia mtu akilia."

"Ndege huyo, korongo. Twende."

Uwanja uliofuata Jouko alicheza kama mtu asiye na mikono. Kila alipoinua kisahani aliona kitambaa chekundu. Alijiambia kwamba pengine mama yule aliumia kidogo tu, na kwamba wenyeji hawakosi kupita pale. Maneno hayo hayakumshika.

Alasiri, wakiwa barabarani, simu yake ikaita. Vilja akabonyeza kitufe, sauti ikajaa garini.

"Haloo, simu ya Jouko."

"Naitwa Lempi Karppanen," sauti ya kizee ilisema. "Ninacho kisahani cha njano. Kina jina na namba hii kwa nyuma."

"Aa, asante sana, mama," Jouko alidakia. "Nilikipoteza jana."

"Jana?"

"Jana, ndiyo."

"Basi kuna mtu alikiokota akakitupa leo. Kimenivunja mkono."

"Pole sana."

"Nishafungwa plasta ngumu. Ukikitaka, nyumba yangu ni ile ya kijani iliyo peke yake chini ya uwanja, karibu na ziwa."

Simu ikakatika. Vilja aligeukia dirishani. Miti ilipita, ziwa likapita, miti tena.

"Korongo," alisema hatimaye.

Masikio ya Jouko yakawaka moto. "Vilja, nisikilize..."

"Usinieleze mimi. Kamweleze yeye. Au nishushe kituoni, nipande basi."

Jouko akageuza gari.

Lempi aliwafungulia mwenyewe, mkono wa kulia ndani ya plasta nyeupe. Jirani yake Urho, aliyempeleka zahanati, alikuwa jikoni akinywa kahawa. Jouko alivua kofia. Hotuba aliyoitunga njiani ikayeyuka yote.

"Ni mimi, mama. Sikukipoteza jana. Nilikitupa mimi, na nilikuona."

"Najua. Na mimi nilikuona. Ulisimama pale juu ukanitazama."

"Sasa mbona hukusema kwenye simu?"

"Simu ilipokewa na msichana. Nikasema nisimvue mtu nguo mbele ya mwanawe." Akamtazama Vilja, kisha yeye. "Ukajivua mwenyewe."

Urho akaweka kikombe chini. "Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Mbona mtu mzima?"

Jouko alitamani sakafu impasukie. Aliomba radhi, akasikia radhi yenyewe ilivyo nyepesi mbele ya plasta ile. Lempi hakumwambia "si kitu". Alimmiminia kahawa kwa mkono wa kushoto, nyingine ikamwagikia kisosi, na Jouko alipotaka kusaidia akamzuia kwa macho.

"Msamaha nitaufikiria," alisema. "Ila beri hazinisubiri mimi nipone. Mnalala wapi?"

Walilala kwenye hema uani kwake. Asubuhi Jouko alishuka msituni na ndoo za Lempi na kibao chake cha kuchumia chenye meno kama kitana. Mbu walimla shingoni, mgongo ukamkataa. Vilja alichuma kichaka cha pili, bila mzaha wowote.

"Ungeniambia tu kwamba umempiga mtu," alisema bila kuinua kichwa, "ningeteremka na wewe."

"Najua."

"Hujui, Baba. Ungelijua, ungeniambia."

Jouko alifukuza mbu shingoni. Aliinama, akaendelea kuchuma mpaka ndoo ikajaa, akaibeba hadi barazani. Lempi akaingiza vidole vya mkono mzima, akachambua, akaisukuma ndoo kurudi kwake.

"Majani matupu," alisema. "Kaa hapo uzisafishe."

Jouko akakaa. Baada ya muda Vilja akaja, akavuta kigoda upande wa pili wa ndoo, wakaanza kutoa majani, moja moja.