Koili ya Mama Mota

Mtaa mzima ulimwita Mama Mota, kwa sababu mota ikiungua, iwe ya pampu au ya mashine ya kusaga, kwake ndiko ilikofufukia. Alisuka waya wa shaba miaka ishirini na saba, na miaka hiyo yote sigara ilining'inia mdomoni. Alikwisha kuiacha mara nne. Kuacha ni rahisi, alikuwa akisema. Shida ni wiki ya tatu.

Na leo ilikuwa siku ya ishirini ya jaribio la tano. Daktari alimsikiliza kifua, akakunja uso, akamwambia mapafu hayo hayawezi kungoja jaribio la sita. Ndiyo maana alijinunulia sigara ya umeme. Lakini koili yake ya dukani, ule msokoto unaogeuza maji ya ladha kuwa mvuke, ilikuwa ya waya mnene, mizunguko mitano tu: wingu linajaza chumba, linaunguza koo, na maji yanakwisha kabla ya mchana. Mbio za sakafuni hizo. Yeye alitaka mvuto mdogo wa kubana mashavu, kama aliouzoea.

"Koili?" akajicheka. "Mimi nishindwe na koili?"

Akatafuta waya mwembamba wa kuhimili joto, akauzungusha mara tisa kwenye bisibisi ndogo. Mita ikasoma omu moja na nusu: ukinzani mkubwa, moto wa taratibu. Hesabu ilikaa sawasawa. Akapitisha pamba katikati, akaishindilia, akatia maji ya ladha ya chungwa, akavuta.

Lo! Ladha ya shati lililoungua kwa pasi. Akaongeza umeme, ikazidi. Akavuta kwa nguvu zake zote, akatokwa machozi. Ilipofika saa nne asubuhi alikuwa ameharibu koili sita. Akavaa viatu. Duka la sigara liko hatua arobaini, na muuzaji hata haulizi. Akimwona tu anashusha pakiti.

Kizingitini alikaa mama mkwe wake, anachambua maharage, na mlango wote ameuziba yeye.

"Wapi na uso huo, mkwe?"

"Dukani, mama."

"Kununua nini?"

Mama Mota hakuwahi kumdanganya mama huyu, si kwa heshima tu, bali kwa sababu haikuwahi kufaulu. Akamwonyesha kile kidude. "Kimenishinda."

Mama mkwe hakujua omu ni mnyama gani. Lakini alipikia jiko la mafuta ya taa miaka thelathini. Akavaa miwani, akachomoa ile pamba, akaigeuzageuza.

"Kweli mganga hajigangi! Umeikaba mpaka roho imetoka. Utambi unakunywa, mwanangu. Ukiubana koo, utakunywa vipi?"

Mama Mota akaichukua ile pamba. Kwenye mota, waya uliolegea hutikisika, na ukitikisika huungua. Kwa hiyo mikono yake ilijua jambo moja tu, kushindilia. Ilikuwa imesuka mota nyingine ndogo.

Akapunguza pamba nusu, akailaza iteleze bila kulazimishwa. Akatia maji, wakasubiri iloe dakika tano, ambazo mama mkwe alizitumia vizuri kuwasema majirani. Kisha Mama Mota akabana tundu la hewa la kidude likabaki dogo kabisa.

"Na usivute kama kamba ya jenereta," mama akamwonya. "Kunywa kidogo kidogo, kama chai ya moto."

Akavuta polepole. Chungwa! Si lile la kwenye sabuni. Chungwa lenyewe, na kiuchungu cha ganda lake, na mvuke laini wa kujaa kinywa. Akaushusha kifuani, akautoa puani. Mabega yakalegea. Furaha ikampanda hadi machoni.

"Mama, safari hii naweza."

"Kwani nani alisema huwezi?"

"Si wewe! Juzi, mezani, mbele ya watoto!"

"Ah, nilikuwa nakutia hasira tu."

Mama Mota akaangua kicheko. Mama mkwe, kwa mazoea, akainua mkono ampige mgongoni, maana ni miaka sasa kila kicheko cha mkwewe kiliishia kwenye kikohozi cha kutisha. Mkono ukabaki hewani. Kicheko kikaenda, kikaenda, mpaka kikaisha chenyewe.

Mama mkwe akaondoa miwani, akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Hebu cheka tena," akasema. "Nisikie."