Anayoambiwa Nesi

Tangu Batholomeo agundulike na saratani ya mapafu, mkewe Dorothea hakuwahi kumsikia akilalamika. Kila alipomuuliza, jibu lilikuwa lile lile: "Sijambo, Mama Erica." Kisha anakohoa, anafuta mdomo, anarudi kupogoa mizabibu yao pale Makutupora.

Lakini simu aliiambia yote. Hospitali ilimwekea programu ya kumfuatilia akiwa nyumbani. Kila Jumatatu asubuhi maswali yaliingia: kikohozi, pumzi, maumivu, hamu ya kula. Sifuri kama hana shida, nne kama hali ni mbaya sana. Majibu yakiwa mabaya, nesi Evodia anapiga.

Nesi akipiga, Batholomeo alitoka nje kuongea. Dorothea alimsikia dirishani akitumia sauti laini ambayo yeye aliisikia mara ya mwisho enzi za uchumba. Siku moja alimsikia akisema, "Naogopa kulala, nesi. Naona kama pumzi itakata."

Dorothea alisimama na mwiko mkononi. Miaka ishirini na sita wanalala kitanda kimoja.

"Huyo nesi wako ana umri gani?" alimuuliza wakati wa kula.

Batholomeo akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Hata sura yake siikumbuki vizuri. Kula, mke wangu."

Jumatatu iliyofuata, Batholomeo akiwa bafuni, maswali yaliingia. Dorothea akachukua simu, akajaza sifuri mpaka mwisho, kisha akamwambia mumewe mtandao unasumbua. Evodia hakupiga. Siku hiyo Dorothea alipika mlenda huku akiimba. Wiki ya pili akafanya vile vile.

Alhamisi yake, Batholomeo alishindwa kumaliza mstari mmoja wa mizabibu. Alikaa chini, mabega yakipanda na kushuka, midomo imepauka.

"Nesi amenichoka," alisema kwa shida. "Hata hapigi."

Hata sasa anamtaja yeye! Wivu ulimchoma Dorothea, lakini alipomtazama tena mumewe, hofu ikauzidi. Akapiga simu mwenyewe.

"Mimi ni mke wa Batholomeo. Hapumui vizuri. Na zile sifuri nilijaza mimi."

Evodia akajibu papo hapo: "Mlete sasa hivi, mama. Njiani akae, asilale chali."

Hospitalini walimtoa maji yaliyojaa kando ya pafu, zaidi ya lita moja. Evodia alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miguu iliyovimba kwa kusimama. Hakumgombeza Dorothea. Alimuuliza tu, "Kwa nini, mama?"

"Wewe anakwambia. Mimi haniambii."

Evodia akamgeukia mgonjwa. "Baba, mjibu mkeo."

Batholomeo, mrija ukiwa bado ubavuni, alitazama dari. "Nesi nikimwambia, anaandika, anaendelea na kazi. Wewe nikikwambia, hutalala."

"Basi nisilale," Dorothea alisema, machozi yakimtoka. "Hiyo ni yangu, si ya nesi. Unanipunja."

Alimshika mkono. Batholomeo akamwambia kwa mara ya kwanza mahali panapomuuma, na tangu lini. Evodia alianza kuandika. Dorothea akamtupia jicho kali, na nesi akafunga daftari, akatoka.