Droo Kumi na Mbili za Unywele

Mvua ya siku tatu ilipata tundu kwenye paa la karakana ya marehemu kaka yangu, nyuma ya nyumba yake, na mkewe, shemeji yangu, akanipigia simu asubuhi.

"Njoo na ngazi," alisema. "Lakini usiguse kitu mpaka niwepo."

Mimi ni mwashi. Vipimo vyangu ni kamba, timazi na jicho moja lililofumbwa. Kaka alikuwa mkerezaji wa vyuma, na kiwandani walimbandika jina la Unywele, kwa kuwa alikataa kipuri kizima kwa tofauti ya unywele mmoja. Tulitaniana hadi alipofariki mwaka jana. Mimi nilimwambia anapima pumzi. Yeye alidai nyumba zangu zimesimama kwa huruma ya Mungu.

Tone lilidondoka shubiri moja tu kando ya kabati lake la chuma. Ilibidi tulihamishe, na kwa uzito ule lisingesogea bila kwanza kutoa droo zote kumi na mbili. Sikuwahi kuona ndani yake. Shemeji alinawa mikono, akaikausha vizuri, akanionyesha sabuni.

"Kwani tunampasua mgonjwa?"

"Jasho la kidole linaleta kutu, shemeji. Nawa."

Alivuta droo ya kwanza, nami utani ukaniishia. Maikromita, zile zana za kupimia unene, zilikuwa zimepangwa kuanzia ndogo kama njugu hadi kubwa kama sahani, kila moja imelala kwenye flana ya kijani iliyokatwa kwa umbo lake. Kila moja ilikuwa imeachwa mdomo wazi kidogo.

"Ukizifunga kabisa, joto likipanda chuma kinatanuka, zinajibana," alisema. Pembeni kulikuwa na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mimi huvitupa. Kaka alikuwa akiviomba kwa muuza viatu kama anayeomba dawa.

Zana zile alizikusanya kwa miaka thelathini. Moja ilitoka kwenye kiwanda kilichofungwa, nyingine aliiokota kwa muuza vyuma chakavu ikiwa nyekundu kwa kutu, akaifufua kwa wiki mbili za mafuta na subira. Kila moja ilikuwa na kadi yake: ilikotoka, na inakosea kwa kiasi gani.

"Zote zinakosea?" niliuliza.

"Zote. Alisema ubaya si kosa, ubaya ni kutolijua."

Droo ya saba ilikuwa na kisanduku cha mbao. Ndani mlikuwa na vipande vya chuma vya kukagulia vipimo, vinavyong'aa kama kioo. Shemeji alifuta viwili, akavitelezesha kimoja juu ya kingine, kisha akainua cha juu. Cha chini kikafuata, kikaning'inia hewani.

"Sumaku hiyo."

"Hakuna sumaku."

"Basi gundi."

"Hakuna. Vimenyooka mno, vikikutana havitaki kuachana. Haya, vuta."

Nilivuta, mimi ninayebeba mifuko ya saruji begani. Wapi! Yeye alivitelezesha kando kwa vidole viwili, vikaachana kimya kimya. Maisha yangu yote nimejenga kuta, na siku hiyo ndipo nilipoona kitu kilichonyooka.

Droo ya mwisho ilikuwa na maikromita moja yenye ncha ya duara, na daftari la shule.

"Zile nyingine tulizisafisha pamoja, droo hii aliisafisha mwenyewe," shemeji alisema. "Sijawahi kuifungua."

Ndani ya daftari mlikuwa na tarehe, moja kwa kila mwaka, siku na mwezi uleule. Mbele ya kila tarehe kulikuwa na namba: 1.82, 1.81, 1.81, 1.80. Mimi sikuelewa. Yeye alivuta kigoda akakaa.

"Siku ya ndoa yetu. Kila mwaka siku hiyo alinivua pete, anasema anakwenda kuisafisha."

Mistari ishirini na saba. Pete ilikuwa imepungua unene hadi milimita 1.61.

"Hiyo iliyopungua imekwenda wapi?" niliuliza kama mtoto.

"Kwenye masufuria. Kwenye nguo za watoto." Alitazama kiganja chake. "Na kwenye mkono wake."

Mstari wa mwisho, wa mwaka wa ugonjwa, ulikuwa na mwandiko uliopinda. Kando ya ile 1.61 kaka alikuwa ameandika: *Mkono unatetemeka. Rudia.*

Tone liliendelea kudondoka. Kisha shemeji akapaka mafuta kidoleni, akaizungusha pete mpaka ikatoka, akaifuta na kuiweka juu ya bamba la chuma.

"Pima basi," nikamhimiza.

"Bado ina joto langu. Iache ipoe."

Tukangoja, watu wazima wawili tukitazama pete ikipoa. Hatimaye aliishika maikromita, akazungusha kifundo chake taratibu mpaka kikalia ta, ta, ta, ishara kwamba imeigusa pete. Akasoma, akafungua akasoma tena, kisha akaninyooshea. "Soma na wewe. Macho yangu siyaamini sasa hivi."

Alinionyesha mistari ya kuhesabu. Nilihesabu mara tatu, nimebana pumzi, nikihofia nitaipulizia joto.

"Moja nukta sita moja," nilisema.

Shemeji aliandika tarehe ya siku hiyo chini ya mwandiko wa kaka, akaandika namba, akarudisha pete kidoleni. Nami nikachukua ngazi, nikapanda kuziba paa.